Pua tatu, kibao kimoja: gari gani la kujiundia litakubali namba ya mbele hapa Uganda

Mwezi uliopita kijana wa jirani alikuja gereji, Ndeeba, akanionyesha picha tatu kwenye simu yake. Gari la kwanza ni jembamba, magurudumu ya mbele yako nje ya bodi, mfano wa Lotus Seven. La pili ni pana, mdomo wake wa duaradufu na mabega yamenona, mfano wa AC Cobra. La tatu ni bagi, gari dogo la wazi lenye bodi ya faibaglasi iliyokalishwa juu ya chesi ya Volkswagen Beetle. "Mzee, niunde lipi?" Hesabu ya ingini, giaboksi na malipo ya welda alikuwa ameshaipiga. Nikamuuliza: namba ya mbele itakaa wapi?

Akanyamaza. Simlaumu, kwa sababu nilipounda gari langu la kwanza nami nililikumbuka jambo hilo siku ya mwisho, rangi ikiwa imeshakauka. Ndiyo maana hapa nazilinganisha pua hizi tatu kwa kipimo hicho kimoja. Habari za mwendo, sauti na bei zina wasemaji wengi. Kibao cha mbele hakina msemaji, ilhali ndicho kitakachoamua kama kila asubuhi utapita kwa amani au utasimamishwa kwenye kila kituo cha trafiki.

Sheria yetu, na sheria zilizozizaa pua hizi

Hapa Uganda gari la magurudumu manne hubeba vibao viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Pikipiki hubeba cha nyuma tu. Katika vibao vya zamani tulivyovizoea, cha mbele ni cheupe na cha nyuma ni cha manjano, herufi nyeusi, kwa mpangilio wa aina ya UAA 123A. Tangu Novemba 2023 vimeanza kufungwa vibao vya kidijitali, magari ya serikali yakitangulia, na kazi ya usajili ambayo zamani tuliifuata kwa watu wa kodi sasa iko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

Kwa mtu anayejiundia gari, jambo kubwa ni hili: kibao unapewa, hukichagui. Kinakuja kimenyooka, urefu wake kama nusu mita, na huruhusiwi kukikata, kukikunja wala kutoboa matundu kwenye herufi ili kifuate umbo la gari lako. Gari ndilo litakalofuata umbo la kibao.

Uingereza mambo yako tofauti kidogo, na tofauti hiyo inaeleza kwa nini wenzetu wa kule hawahangaiki kama sisi. Namba ya mbele ni lazima kwa gari la kujiundia kama ilivyo kwa gari la kiwandani. Lakini kibao chenyewe kinatengenezwa na duka lolote lililosajiliwa kwa kazi hiyo, ukipeleka kitambulisho na karatasi za gari. Sheria inashika herufi zaidi kuliko bati: kimo cha milimita 79, upana wa 50, unene wa mstari 14, nafasi ya 11 kati ya herufi na herufi. Ukizitimiza hizo pamoja na ukingo unaotakiwa, unaweza kuagiza kibao kifupi kwa namba fupi, au cha mistari miwili. Anayechezea vipimo hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Kwa hiyo Mwingereza akiwa na pua nyembamba hutafuta kibao kinachoitosha. Hapa sisi hatuna nafasi hiyo.

Marekani kila jimbo lina lake. Florida, Georgia, Arizona, Michigan na Pennsylvania wanataka namba ya nyuma tu. California, Texas na New York wanataka mbili. Ohio iliacha kudai ya mbele Julai 2020, na Utah ikafuata Januari 2025. Katika jimbo la Washington sheria inataka mbili, ila polisi wa jimbo wanaweza kumruhusu mwenye gari kwenda kinyume ikiwa umbo la bodi halikubali kabisa. Kibao chao nacho ni kifupi na kirefu kwa kimo, sentimita 30 kwa 15 hivi. Basi ukinunua ramani au kalibu ya bodi kutoka Marekani, jua kwamba aliyeichora huenda hakuwahi kuwaza namba ya mbele, na kama aliiwaza, alikuwa na kibao cha umbo lingine mkononi.

Na usidhani utakwepa kwa kuvuka mpaka. Kenya wanataka mbele na nyuma, Tanzania vilevile, ingawa kwao gari binafsi hubeba njano pande zote mbili. Ukifika Malaba au Mutukula bila namba ya mbele, safari imeishia hapo.

Seven: rahisi kuchomelea, ngumu kuivisha namba

Gari hili nalipenda kuliko mengine yote mawili, nalisema wazi ili ujue ninakotokea. Lotus walilitoa mwaka 1957 na wakaliuza kama seti ya vifaa, kwa kuwa aliyejiundia mwenyewe aliepuka kodi ya ununuzi iliyotozwa magari mapya. Mwaka 1973 Uingereza ilibadili kodi hiyo, faida ikapotea, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kulitengeneza. Chesi yake ni fremu ya vyuma vya mraba na vya mviringo vilivyochomelewa. Welda mzuri wa Katwe akipewa vipimo sahihi na meza iliyonyooka anaiweza kazi hiyo, na ingini ya Corolla inaingia bila vita.

Taabu iko mbele. Pua ya Seven ni koni nyembamba yenye mdomo mdogo, na redieta imesimama nyuma ya mdomo huo huo. Mdomo wa gari langu niliupima: upana sentimita 48, kimo 17. Kibao kina kimo cha sentimita 11 hivi. Nilikifunga moja kwa moja juu ya mdomo kwa sababu ndipo palipokuwa na skrubu, na kwa hesabu ya haraka nikawa nimeziba karibu theluthi mbili ya njia ya hewa. Barabarani likikimbia hukuona shida. Siku ya kwanza ya jamu kwenye barabara ya Jinja, kutoka Nakawa kwenda Banda, mshale wa joto ulipanda hadi nikazima ingini katikati ya watu. Kumbuka pia kwamba Kampala iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kifuniko cha redieta kikichoka kidogo tu, maji yako yana nafasi ndogo kuliko ya mtu aliye Mombasa.

Mahali pa pili watu wanapopajaribu ni chini ya pua. Kwa macho panapendeza, mdomo unabaki wazi. Lakini Seven hulala chini sana, na matuta yetu hayapimwi kwa rula. Kibao kilicho chini ya pua kitakunjwa na tuta la kwanza la shule, na kwenye barabara ya murramu kitavaa tope jekundu mpaka herufi zisisomeke. Kibao kisichosomeka hakikusaidii mbele ya trafiki, wala mbele ya kamera.

Pa tatu ni juu ya mabawa madogo yanayofunika magurudumu ya mbele. Usipaguse. Mabawa hayo hugeuka pamoja na usukani, hivyo ukikata kona namba nayo inatazama pembeni, na mtikisiko wa gurudumu utaipasua brakiti kabla mwaka haujaisha.

Pa nne, pembeni ya pua, chini ya taa, brakiti ikitoka kwenye chuma cha chesi chenyewe. Hapa panawezekana. Sharti kibao kisikae mbele ya taa wala indiketa, na kisiguse mikono ya sespensheni gurudumu linapopanda na kushuka. Gari linaonekana kama limeinamisha kichwa upande mmoja, na wengine hawalipendi hivyo. Mimi nimezoea.

Lakini ukiniuliza ningefanyaje leo, ningeibadilisha pua yenyewe. Unapotengeneza kalibu ya faibaglasi, ongeza kama sentimita 12 za uso ulionyooka juu ya mdomo, au usogeze mdomo juu na uache uso huo chini yake, mradi ukingo wa chini wa kibao usishuke chini ya chesi. Mpenzi wa Seven halisi atalalamika kwamba umbo limeharibika. Yeye haendeshi kutoka Ndeeba hadi Mukono kila wiki.

Cobra: mdomo mkubwa unaodanganya

Gari hili lilizaliwa mwaka 1962, pale Mmarekani Carroll Shelby alipoweka ingini ya Ford ya silinda nane kwenye bodi nyepesi ya kampuni ya AC ya Uingereza. Nakala zake ndizo zinazoundwa sana na watu wa magari ya kujiundia, na ukiangalia mdomo ule mpana utasema hapa kibao kitakaa bila shida. Kweli upana upo. Kinachokosekana ni uso ulionyooka. Pua yote ni mviringo juu ya mviringo. Kibao ukikilaza juu ya bodi, katikati kitagusa na pembeni kitaelea. Ukikikunja kifuate bodi, herufi za pembeni zinageukia kando na aliye mbele yako anasoma nusu ya namba.

Nimeona gari moja ambalo mwenyewe alikilaza kibao juu ya boneti, kikitazama mbingu. Alidhani ametimiza sheria kwa kuwa kibao kiko mbele. Namba ni ya kusomwa na mtu aliyesimama barabarani, kwa hiyo isimame wima, au karibu na wima kadiri gari linavyoruhusu.

Dawa ya Cobra iko kwenye umbo lake la asili. Magari mengi ya aina hii yana vyuma viwili vya mviringo mbele ya mdomo, vya kuikinga pua isigongwe wakati wa kuegesha. Vishikize kwenye chesi, si kwenye faibaglasi, kisha unganisha bamba jembamba kati yake na ufunge kibao hapo, kikiwa sentimita tano au zaidi mbele ya mdomo. Hewa itazunguka juu na chini yake. Na iwe nusu ya chini ya mdomo, ili nusu ya juu ibaki wazi kabisa.

Hata hivyo, ukiweka ingini kubwa ya silinda nane, sikushauri kibao kikae mbele ya redieta kwa namna yoyote bila feni mbili za umeme. Ukiweka ya silinda nne, feni moja nzuri itatosha. Hapo ndipo bei ya Cobra inapopanda bila wewe kujua: namba ya mbele imekudai feni, feni imedai alteneta kubwa, na fundi wa waya naye anadai chake.

Bagi: haina redieta, haina ugomvi

Kwa kipimo cha namba ya mbele peke yake, bagi inashinda, na kwa mbali. Bruce Meyers aliunda ya kwanza California mwaka 1964, na baadaye akafupisha chesi ya Beetle kwa sentimita 36 hivi na kuivisha bodi ya faibaglasi. Ingini iko nyuma na inapozwa kwa hewa. Mbele hakuna redieta, hakuna mdomo, hakuna cha kuziba. Kuna uso mpana na mara nyingi bomba la bampa. Funga brakiti mbili kwenye bomba, kibao kinasimama wima, juu ya matope, kimo cha kusomeka vizuri. Kazi ya nusu saa. Na tazama jinsi mambo yalivyo: jimbo alikozaliwa bagi ni miongoni mwa yale yanayodai namba mbili, kwa hiyo pua yake haikukua bila kuijua sheria.

Shida ya bagi iko nyuma, ambako ingini imebaki wazi na hupati kwa urahisi mahali palipo mbali na joto la egzosi pa kuweka kibao na taa yake. Shida nyingine ni kuipata Beetle yenyewe. Mexico, nchi ya mwisho kuiunda, iliacha mwaka 2003, na tangu 2018 sheria yetu inazuia kuingiza nchini magari ya kawaida yaliyopita umri wa miaka 15. Inabidi utafute iliyolala uani kwa mtu, na nyingi sakafu zimeliwa na kutu. Spea nazo utazitafuta kwenye soko la Kisekka mpaka viatu viishe.

Jambo moja kuhusu Beetle naliomba ulishike. Namba ya chesi imepigwa kwenye mgongo wa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Anayefupisha chesi bila kujua anaweza kuikata na kuitupa pamoja na vyuma chakavu. Ukiipoteza namba hiyo, hata kibao kizuri namna gani hakitakusaidia, kwa sababu huna tena gari ambalo logibuku, yaani hati ya usajili, inalitaja.

Kukifunga: stika, sumaku, brakiti

Waingereza wengi wenye Seven hubandika namba kama stika juu ya pua. Hata kwao ni jambo la kubishaniwa, kwa kuwa vibao vinavyofungwa tangu Septemba 2021 vinatakiwa kutimiza kiwango maalumu cha ubora, na stika ya duka la matangazo haikifikii. Kwetu si la kubishania. Kibao ni kile ulichopewa, na stika yenye namba sahihi bado ni namba uliyojitengenezea.

Sumaku haishiki alumini wala faibaglasi, kwa hiyo sahau. Kibao kinachojikunja ukibonyeza kitufe, kama vile vya maonyesho ya magari, usikifunge hata kwa mzaha. Askari yeyote atakiona kama njia ya kuficha namba, na atakuwa sawa.

Kinachobaki ni brakiti ya chuma iliyoshikwa kwenye chesi, bamba la nyuma la kuzuia kibao kisitetemeke, raba nyembamba katikati, na ribeti. Napendelea ribeti kuliko boliti kwa sababu ya wezi. Kisha shughulikia kingo. Ukaguzi wa Uingereza wa magari yanayojengwa moja moja unataka kingo za nje zinazoweza kumgusa mtu ziwe na mviringo wa angalau milimita 2.5. Hapa hakuna atakayekupima kwa geji, lakini fikiria kona ya bati iliyo kwenye kimo cha goti la abiria wa boda boda katika jamu ya Wandegeya. Zungushia kibao fremu ya raba. Inagharimu kidogo kuliko kushonwa mguu wa mtu.

Kabla ya grainda

Kwanza, karatasi. Usikate chesi ya gari lolote kabla hujakwenda wizarani na logibuku ya gari unalotoa vifaa, ukaeleza unataka kufanya nini: bodi mpya juu ya chesi iliyosajiliwa, au fremu mpya kabisa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Uingereza gari ambalo asili au umri wake una shaka hupewa namba inayoanza na Q, na ikishaitwa Q, kila mnunuzi anajua. Kujenga gari hapa kunawezekana; vijana wa Makerere waliendesha Kiira EV, gari lao la umeme la watu wawili, mwaka 2011. Lakini wao walikuwa na chuo nyuma yao, wewe una logibuku yako tu, itunze.

Sasa nani achukue lipi. Kama unataka gari la Jumapili, la kwenda Entebbe na kurudi, na umepata Beetle yenye sakafu nzima, chukua bagi na usigeuke nyuma. Kama gari litakuwa la kila siku na mfuko ni wa ingini ya Corolla, chukua Seven, ila uichore pua upya kwa ajili ya kibao. Usinunue koni iliyomiminwa tayari. Cobra mwachie mtu ambaye fedha za feni na alteneta hazimkoseshi usingizi, na ambaye atakubali kuona bati jeupe limekatiza ule mdomo aliouota.

Kijana wangu amechagua Seven, nilijua atachagua hiyo. Nimemkatia kipande cha boksi, sentimita 52 kwa 11, na kimetundikwa kwenye fremu yake ya mbao mbele ya mahali redieta itakapokaa. Faibaglasi haimiminwi mpaka kipande hicho kimepata kwao.